Kusoma Taarifa ya Serikali Wakati wa Dharura



Wazia kwamba umeketi nyumbani jioni ukisikiliza redio. Taarifa ya habari inasema kuwa mamlaka husika imezuia kuuzwa kwa unga wa mahindi uliokutwa na sumukuvu, kisha msomaji anaendelea na habari za michezo. Jikoni kwako upo mfuko wa unga uliofunguliwa juzi, na watoto wamekwisha kuula. Je, unga huo ndio uliotajwa? Uutupe, au uurudishe dukani? Walioula waende zahanati, au wasubiri? Na fedha yako, ni nani atakayekurudishia?

Maswali hayo hayatokani na udadisi. Ni maswali ambayo taarifa yenyewe ilipaswa kuyajibu. Makala haya yanaeleza namna taarifa za dharura zinavyoandaliwa katika ofisi za umma, kwa nini baadhi yake humsaidia mwananchi na nyingine humwacha gizani, na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua ili apate anachostahili kuambiwa.

Taarifa ni sehemu ya huduma

Katika siku za kawaida, kitengo cha mawasiliano cha ofisi ya umma hueleza kazi za ofisi hiyo: miradi iliyozinduliwa, ada zilizobadilika, ratiba za huduma. Siku hizo taarifa ikichelewa kidogo, hasara yake ni ndogo. Siku ya dharura mambo hugeuka. Mwananchi huihitaji taarifa ili aamue jambo saa ile ile: ale au asile, anywe maji ya bomba au ayachemshe kwanza, asafiri au abaki. Taarifa ikichelewa au ikifumbwa, madhara yake yanaweza kulingana na madhara ya bidhaa mbovu yenyewe.

Hata hivyo, tuwatendee haki maafisa wanaoandaa taarifa hizo, kwa maana hubanwa na mambo matatu kwa wakati mmoja. Kwanza, uhakika huchelewa. Majibu ya maabara huchukua siku, na afisa huogopa kusema leo jambo litakalokanushwa kesho. Pili, taharuki inaumiza kweli. Wauzaji wasio na hatia hupoteza wateja, na watu hukimbilia dawa wasizozihitaji. Tatu, yapo maslahi ya biashara, ya mkulima mdogo na ya kiwanda kikubwa, yanayoweza kuharibiwa na sentensi moja iliyoandikwa ovyo.

Kwa sababu hizo, kishawishi kikubwa cha msemaji yeyote ni kutuliza. Kutuliza si kosa ikiwa kunaambatana na maelezo. Hatari huja pale maneno ya faraja yanapochukua nafasi ya maelezo yenyewe. Jambo hilo liligharimu taifa moja kwa namna ambayo ulimwengu mzima ulijifunza.

Fundisho la nyama ya ng'ombe nchini Uingereza

Mwaka 1986 wataalamu wa mifugo nchini Uingereza walitambua ugonjwa mpya wa ubongo wa ng'ombe, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la kichaa cha ng'ombe. Swali la kila mlaji lilikuwa moja: je, ugonjwa huo unaweza kumwingia mtu kwa njia ya nyama? Wakati huo sayansi haikuwa na jibu kamili. Serikali ilichukua hatua kadhaa za maana, ikiwemo kuzuia baadhi ya viungo vya ng'ombe visitumike kwa chakula cha binadamu. Lakini ujumbe uliowafikia wananchi mara kwa mara ulikuwa kwamba nyama ni salama. Mwezi Mei 1990, Waziri wa Kilimo, John Gummer, alionekana mbele ya kamera akimpa binti yake wa miaka minne mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe ili kuwathibitishia watu usalama wake.

Tarehe 20 Machi 1996, Waziri wa Afya, Stephen Dorrell, aliliambia Bunge kuwa walikuwa wamegundulika wagonjwa 10 wa aina mpya ya ugonjwa wa ubongo wa binadamu, na kwamba maelezo yaliyoelekea kuwa sahihi ni kuwa waliupata kutokana na ugonjwa wa ng'ombe. Wiki moja baadaye, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nyama ya ng'ombe ya Uingereza kuuzwa nje ya nchi hiyo. Mamilioni ya ng'ombe waliteketezwa. Kwa jumla watu 178 wamefariki nchini humo kwa ugonjwa huo wa binadamu.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Phillips ilitoa ripoti yake mwezi Oktoba 2000. Ripoti hiyo haikusema kwamba serikali iliwadanganya wananchi. Maafisa wenyewe waliamini kwamba hatari kwa binadamu ilikuwa ndogo mno. Kosa lililobainishwa lilikuwa la kimawasiliano: juhudi zilielekezwa mno katika kuzuia taharuki, hata kilichokuwa hakijulikani hakikusemwa kwa uwazi. Ukweli ulipobadilika, wananchi walijiona wamesalitiwa, na taarifa zilizofuata, hata zile sahihi, zilipokelewa kwa mashaka. Mwaka huo wa 2000, usimamizi wa usalama wa chakula ulikuwa umekabidhiwa wakala mpya ambao bodi yake hufanya vikao vyake mbele ya wananchi.

Kutokana na kisa hicho, mtumiaji achukue kipimo kimoja cha kukumbuka. Kusema "hatujaona ushahidi kuwa bidhaa hii inadhuru" ni jambo moja. Kusema "tumethibitisha kuwa bidhaa hii haidhuru" ni jambo lingine. Sentensi ya kwanza yaweza kutamkwa hata na mtu ambaye hajapima chochote. Usomapo taarifa, uliza ni ipi kati ya hizo mbili unayoambiwa.

Kusema kisichojulikana: mfano wa Ruangwa

Wapo wanaodhani kwamba ofisi ya umma haiwezi kusema "hatujui" bila kujivunjia heshima. Tukio la mkoani Lindi linaonesha vinginevyo. Mwezi Julai 2022, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwepo kwa ugonjwa usiojulikana katika Wilaya ya Ruangwa. Taarifa ilitaja dalili zake, zikiwemo homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Ilieleza pia kwamba vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonesha maambukizi, na kwamba timu ya wataalamu ilikuwa imekwisha kwenda eneo hilo. Siku chache baadaye, tarehe 18 Julai, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa ule ni homa ya mgunda, unaosababishwa na bakteria na ambao binadamu huweza kuupata kwa kugusa maji au udongo uliochafuliwa kwa mkojo wa wanyama. Hadi siku hiyo walikuwa wametajwa wagonjwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki.

Tazama mpangilio wake. Kabla ya jina la ugonjwa kupatikana, mwananchi alikuwa tayari ameambiwa dalili za kuangalia, magonjwa ambayo vipimo havikuyaonesha, na kazi inayoendelea. Jina lilipofika halikupingana na taarifa ya kwanza, liliikamilisha. Anayekiri mapema mipaka ya ujuzi wake halazimiki baadaye kuyameza maneno yake. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Barua ya ofisi kwa ofisi: mahindi ya mwaka 2021

Sumukuvu ni mfano mzuri wa hatari inayodai taarifa iliyo sahihi, kwa sababu mlaji hawezi kuitambua kwa uhakika kwa macho wala kwa ulimi. Hutengenezwa na kuvu wanaoota katika nafaka na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, na mapishi ya kawaida hayaiondoi. Nchini Kenya, mwaka 2004, iliua watu 125 katika eneo la Mashariki. Nchini Tanzania, mwaka 2016, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mamlaka inaposema neno kuhusu sumukuvu, haina budi kusikilizwa. Nayo haina budi kulisema neno hilo kwa ukamilifu.

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha ya nchi hiyo barua ya kusitisha mara moja uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kuwa uchunguzi ulionesha viwango vya sumu ya kuvu vilivyopita mipaka ya usalama. Barua ilisambaa mitandaoni upesi. Malori yalikwama mpakani, Namanga ikiwemo. Tarehe 10 Machi zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila shehena iambatane na hati ya kuthibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja, pamoja na hati ya kuonesha mahali mahindi yalikotoka.

Nia ya kulinda afya ya mlaji ilikuwa halali. Upungufu ulikuwa katika namna ya kusema. Barua ile ilikuwa mazungumzo ya ofisi na ofisi, ilhali wasomaji wake wakawa wakulima, madereva, wenye mashine za kusaga na walaji wa mataifa matatu. Ilizitaja nchi mbili nzima kwa pamoja, na haikuwa imeandikwa ili kumwongoza mlaji ambaye unga umekwisha kuingia jikoni mwake. Masharti ya tarehe 10, ambayo ndiyo yaliyobeba maelezo ya maana, yalikuja baada ya siku tano za hasara.

Linganisha na hatua ya mwezi Novemba 2019, pale shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini humo humo Kenya, KEBS, lilipositisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu na kuzitaja kwa majina. Mlaji aliyesikia tangazo hilo aliweza kwenda kabatini na kusoma mfuko wake. Umahususi wa namna hiyo humlinda mlaji, na humlinda pia mzalishaji ambaye bidhaa yake ni safi.

Maswali saba ya kuipima taarifa

Taarifa yoyote ya dharura ikufikiapo, iwe ya chakula, dawa, maji, umeme au usafiri, isome ukiwa na maswali haya:

1. Ni nani anayesema, na kwa mamlaka gani? Tafuta jina la taasisi, cheo cha aliyetia saini, tarehe na mahali.

2. Ni kitu gani hasa kilichotajwa? Kwa bidhaa, ni chapa, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa. Kwa huduma, ni mitaa, vijiji au njia zilizoathirika. "Baadhi ya maeneo" si anwani.

3. Nini kimethibitishwa, na nini bado kinachunguzwa? Taarifa inayodai kujua kila jambo saa ya kwanza istahili kusomwa kwa uangalifu.

4. Ni nani aliye katika hatari zaidi? Mara nyingi ni watoto wachanga, wajawazito, wazee na wagonjwa.

5. Nifanye nini sasa? Agizo jema hutekelezeka: chemsha maji hadi yatokote, acha kutumia dawa hii na urudi kwa aliyekuandikia, usimlishe mfugo unga uliozuiwa.

6. Taarifa nyingine itatoka lini? Ahadi ya saa na siku, hata kama siku hiyo hakutakuwa na jipya, huzuia uvumi kuliko makatazo ya kueneza uvumi.

7. Niulize wapi, na ni nani atakayenifidia? Namba ya simu isiyopokelewa haihesabiwi kuwa jibu.

Taarifa ikijibu maswali matano au zaidi, imekuhudumia. Ikijibu mawili tu, una haki ya kuuliza yaliyosalia.

Maneno ya kuangaliwa

Yapo maneno yanayorudi katika taarifa nyingi na ambayo, yakisimama peke yake, hayambebei mtumiaji kitu. "Hali imedhibitiwa": imedhibitiwa kwa kipimo gani, na tangu lini? "Wananchi wasiwe na hofu": hofu huondolewa kwa sababu, wala haiondolewi kwa amri. "Changamoto za kiufundi": ni mtambo upi ulioharibika, na matengenezo yatachukua muda gani? "Sababu zilizo nje ya uwezo wetu": ni sababu zipi? Maneno hayo si lazima yawe ya hila. Mara nyingine ni mazoea ya kiofisi tu. Lakini mtumiaji anayeyakuta afahamu kwamba bado hajaambiwa jambo, na aulize kwa adabu.

Jihadhari na taarifa bandia

Pale ambapo ofisi hunyamaza, wengine huzungumza kwa niaba yake. Picha ya barua yenye nembo hutengenezwa kwa dakika chache, na sauti isiyo na mwenyewe husambazwa katika makundi ya simu. Kabla hujaisambaza taarifa, angalia kama tarehe ni ya mwaka huu, kwa kuwa taarifa nyingi za zamani hufufuliwa. Linganisha na tangazo lililopo katika ukurasa rasmi wa taasisi, katika redio unayoiamini, au kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Ukiwa na shaka, usiisambaze. Lakini ikiwa tahadhari yenyewe haina madhara, kama vile kuchemsha maji, hakuna ubaya kuitekeleza nyumbani mwako wakati ukisubiri uhakika.

Haki yako kisheria

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, nayo ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Nchini Kenya, Ibara ya 35 ya Katiba inaitaka Serikali kuchapisha taarifa muhimu zinazoligusa taifa, na Ibara ya 46 inamhakikishia mtumiaji taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa au huduma. Sheria ya huko, nayo ya mwaka 2016, inaweka siku 21, na saa 48 ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu.

Ni dhahiri kwamba siku 30 ni nyingi kwa mtu mwenye unga wa mashaka jikoni. Kwa hiyo fanya mambo mawili sambamba. Kwanza, piga simu au fika katika ofisi iliyo karibu siku hiyo hiyo, ueleze na uandike jina la aliyekuhudumia. Pili, peleka ombi la maandishi, ambalo thamani yake ni kubaki katika kumbukumbu: ofisi iliyoulizwa kwa maandishi haiwezi baadaye kusema haikuulizwa. Ombi lako laweza kuwa fupi namna hii:

"Kwa heshima, narejea taarifa yenu ya tarehe fulani kuhusu bidhaa fulani. Naomba kufahamishwa namba za matoleo yaliyozuiwa, matokeo ya vipimo vilivyofanyika, hatua anazopaswa kuchukua mtu aliyekwisha kuitumia, na utaratibu wa kurudishiwa fedha. Naambatisha nakala ya risiti yangu."

Peleka ombi mahali panapostahili. Kwa chakula na vipodozi nchini Tanzania, ni Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019. Kwa dawa na vifaa tiba, ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa nishati na maji, mawasiliano, na usafiri wa nchi kavu, yapo mabaraza ya ushauri ya watumiaji kwa kila sekta.

Mwisho, tunza ushahidi. Usitupe mfuko, chupa wala risiti ya bidhaa iliyotajwa. Ifunge, iandike alama ya kuonya, na uiweke mbali na watoto na mifugo hadi uelekezwe. Ukirudisha bidhaa dukani bila nakala wala picha, umerudisha pia uthibitisho wako.

Hitimisho

Ofisi ya umma inayoeleza mapema na kwa ukamilifu hujiwekea akiba ya kuaminiwa, na akiba hiyo ndiyo hutumika siku ya hatari kubwa zaidi. Akiba hiyo haijengwi na wasemaji peke yao. Kila mwananchi anayeuliza swali la pili baada ya kusikia jibu la kwanza huwasaidia kuandika taarifa ijayo vizuri zaidi. Kuuliza si ujinga, na katika mambo ya afya na riziki, kuuliza ni wajibu.